Sura Zenye Kucheka na Jibu la Kweli

Wahenga walisema, Kuuliza si ujinga. Lakini yuko aulizaye akabaki gizani, kwa kuwa ameuliza vibaya. Na hayo hutupata mara nyingi sisi watu wazima tuulizapo watoto.

Karatasi ya maswali yenye maneno matupu humchosha mtoto. Kwa ajili hiyo wataalamu wa Uingereza, wakiwamo Janet Read na Stuart MacFarlane, walitunga kipimo kiitwacho Smileyometer, wakaandika habari zake mwaka 2006. Sura tano huchorwa safu moja: ya kwanza imenuna, ya mwisho yacheka sana. Mtoto hutia alama penye sura iliyo sawa na moyo wake. Kazi hii twaisifu, maana hata asiyesoma vema aweza kujibu, tena kwa furaha.

Walakini furaha si kweli. Imeonekana ya kuwa watoto wadogo huichagua mno ile sura ya mwisho, waulizwapo neno lo lote. Mtoto hutaka kumpendeza mkubwa wake. Mwaka 1980 Martin Hughes na Robert Grieve waliwauliza watoto wa miaka 5 na 7 maswali yasiyo na maana, kama haya: Je, maziwa ni makubwa kuliko maji? Karibu wote walijibu, wala hawakusema, Sijui.

Hasara yake si ndogo. Mwalimu akiuliza kama somo lapendeza, na wote wakatia alama penye kicheko, yule asiyeelewa ataachwa nyuma, na karatasi itamshuhudia kwamba ameridhika.

Twapenda zaidi njia yao nyingine, ya kumwuliza mtoto: Je, wataka kuifanya tena kazi hii? Ndiyo, labda, au hapana? Hapo hujibu kwa haja yake mwenyewe. Tena yafaa aambiwe kwanza kwamba “sijui” ni jibu jema. Na vijana wa miaka 14 au 15 tusiwape vikaragosi, wasije wakajiona wamedharauliwa; tuwaeleze kwa nini twauliza, wala tusiwaandikishe majina pasipo haja.

Basi picha na zichorwe, lakini zisiwe badala ya swali jema. Mtoto asiyeogopa kusema hapana ndiye atufundishaye.