Kabla Faili Haijafika kwa DPP

Malalamiko dhidi ya polisi wa Kenya hayaji kwa sura moja. Kuna lililoandikwa na wakili, kila aya na nambari yake. Kuna la mama aliyefika mwenyewe na karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Kuna na la simu ya 1559, ambayo hailipiwi, na mpigaji hataki kutaja jina. Afisa wa mapokezi wa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, anayejua kazi yake huwauliza wote yaleyale: lini, saa ngapi, wapi, nani aliona, gari lilikuwa na nambari gani, askari alivaa nini.

Kisha anaandika, na kuandika huku ni ufundi. Mlalamishi akisema "alinipiga na kitako cha bunduki", linaandikwa hivyo hivyo. Haligeuzwi kuwa "alitumia nguvu kupita kiasi", maana kauli hiyo ya pili haina bunduki ndani yake. Akimaliza anamsomea mwenye maneno, anasahihisha, anampa kalamu atie sahihi. Miaka mitatu baadaye wakili wa utetezi ataiweka karatasi hii kando ya ushahidi wa kortini, atafute panapopishana.

Hatua inayofuata ni kuchambua. Hapa wanakaa watu na rundo la malalamiko mbele yao, wakipepeta kama mtu na ungo wake. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda mamlaka hii inawalazimu kuchunguza kila kifo na kila jeraha baya linalodhaniwa kusababishwa na polisi, hata kama hakuna aliyelalamika. Askari anayenung'unikia uhamisho au cheo anaelekezwa kwa Tume ya Huduma ya Polisi. Utovu wa nidhamu wa kawaida unaweza kurudi kwa kitengo cha masuala ya ndani cha polisi wenyewe. Seli chafu zinakwenda kwa wakaguzi.

Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya karani. Lakini chukua mfano wa barua inayolalamikia kukamatwa bila sababu. Mistari miwili ya kwanza ni ya kukamatwa, wa tatu ni wa simu iliyochukuliwa, na wa nne unasema: "tangu siku hiyo mkono wa kushoto hauinuki". Msomaji wa haraka ameshaiweka kwenye fungu la nidhamu. Msomaji mtulivu amesimama kwenye huo mkono.

Sasa faili inatafuta mwenyewe. Bodi inayoiongoza IPOA haishiki faili. Mwenyekiti wake lazima awe na sifa za kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na kipindi chake ni miaka sita bila kurudia, ili asiwe na wa kumbembeleza. Bodi ya kwanza, chini ya wakili Macharia Njeru, iliapishwa mwaka 2012. Kazi kubwa ya bodi, kwa maoni yangu, ni kusimama mlangoni ili walio ndani wafanye kazi. Na walio ndani ni mamia machache tu, mbele ya kikosi cha askari zaidi ya laki moja.

Kwa hiyo mkuu wa upelelezi haangalii tu nani ana nafasi. Anaangalia nani anajua lugha ya pale, nani ana ndugu kwenye kituo kile, nani atakayeongea na msichana aliyenajisiwa bila kumtesa upya. Ukiniuliza mimi, faili nzito inafaa watu wawili: mmoja anayejua kituo cha polisi kinavyoendeshwa, na mwingine asiyekijua kabisa. Wa kwanza anajua kitabu gani kimefichwa. Wa pili anauliza swali ambalo wa kwanza amelizoea hata halioni.

Kituoni wanaanza na OB, kitabu cha matukio. Mpelelezi hakimbilii ukurasa wa siku ya tukio. Anaanza siku moja nyuma, anafuata nambari na saa, kidole kikishuka pembeni. Saa haziwezi kurudi nyuma. Jambo la saa tatu usiku likiandikwa chini ya la saa nne, kuna aliyeandika baadaye. Halafu rejista ya mahabusu: aliingia lini, alikuwa na jeraha gani. Halafu rejista ya silaha: nani alichukua bunduki ipi, na risasi ngapi, akarudisha ngapi. Vitabu vitatu viliandikwa na watu watatu, na ni vigumu vyote kudanganya kwa namna moja.

Nje ya vitabu kuna mwili na kamera. Katika kifo cha Albert Ojwang mahabusu jijini Nairobi, Juni 2025, polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Madaktari watano walioshiriki upasuaji wa maiti walisema majeraha hayakuwa ya kujiumiza. IPOA ikasema kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Mwezi huohuo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP, aliidhinisha mashtaka ya mauaji dhidi ya watu sita.

Faili nyingi haziendi kasi hiyo. Maganda ya risasi hupelekwa kwa wataalamu wa silaha, na maabara yao iko chini ya polisi, upande uleule unaochunguzwa. Hilo ni kasoro ya mpangilio, na uvumilivu wa mpelelezi hauiondoi. Anachoweza ni kuhesabu vielelezo, kuvifunga, kutia lakiri, kudai sahihi ya kila mkono vinakopita, na kusubiri.

Huko Kinango, Kwale, msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi na polisi usiku, Agosti 2014. Askari walidai aliwashambulia kwa panga. Alikuwa ameshazikwa, ikabidi mwili ufukuliwe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu askari wawili miaka saba kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Ilikuwa hukumu ya kwanza kutokana na upelelezi wa IPOA.

Mamlaka haishtaki. Inamkabidhi DPP faili, naye anaweza kuirudisha: tafuta shahidi huyu, fafanua saa hii. Mpelelezi anaichukua, anarudi barabarani.

Nawe ukipatwa na jambo, andika saa kabla hujalala. Andika nambari ya gari na jina la kituo. Dai nambari ya OB. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na shati lenye damu usilifue.