Sekunde Kumi na Mbili Juu ya Ziwa: Uchambuzi wa Ajali za Ndege za Kuchota Maji

Ndege ya kuchota maji ni ndege ya zimamoto isiyolazimika kurudi uwanjani kujaza matangi yake, bali hushuka ziwani, huteleza juu ya maji kwa mwendo wa karibu kilomita 130 kwa saa, na kuteremsha mirija miwili chini ya tumbo lake, ambamo maji huingia kwa nguvu ya mwendo wenyewe bila pampu. Aina ya CL-415, iliyoundwa Kanada, hujaza lita 6,137 kwa sekunde 12, yaani uzito wake huongezeka kwa tani sita huku maji yakiivuta nyuma na ukingo wa ziwa ukikaribia.

Namna mambo yanavyoharibika katika sekunde hizo ilidhihirika tarehe 3 Julai 2013, ndege ya aina hiyo ilipoanguka katika ziwa Moosehead, jimbo la Newfoundland na Labrador. Wachunguzi wa Kanada walieleza kwamba swichi inayoiamuru mirija ijifunge yenyewe kiasi kilichopangwa kinapofikiwa huenda iligeuzwa bila kukusudiwa, kifuniko cha vidhibiti kilipoondolewa. Marubani, wakiwa wameshughulishwa na mambo mengine, hawakutambua hitilafu hiyo mpaka matangi yalipojaa kabisa, kisha wakaamua kuendelea kupaa na mzigo uliozidi. Kwa kuwa njia ya kupaa ilikuwa imerefuka, walianza kukata kushoto, na kielea, yaani boya lililofungwa chini ya bawa, kikagusa maji, ndege ikawashinda. Wote wawili walinusurika.

Ajali hiyo haikutokana na kuharibika kwa injini wala na dhoruba, bali na mnyororo wa mambo madogo, ambao kila pete yake ingeweza kukatwa: kwa kukagua swichi kabla ya kushuka, kwa rubani mmoja kutoondoa macho kwenye kipimo cha maji, au kwa kuyamwaga maji mara uzito ulipozidi. Kwa hiyo mafunzo ya kuchota maji hayana budi kumzoeza mwanafunzi kuacha zoezi mapema, kabla ya kumzoeza kulimaliza.

Kwa wasomaji wa Mbau, Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, ziwa lililo karibu ni Edward, lililo kwenye kimo cha zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi, injini hupungukiwa nguvu na mbio za kupaa hurefuka. Juu ya hayo, maji ya Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi ukingoni mwa ziwa hilo, yana mitumbwi, nyavu na viboko, navyo ni vizuizi ambavyo ndege inayoteleza kwa kasi haiwezi kuvikwepa.

Ndege inapoangukia majini, uhai wa watu hutegemea walio karibu. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ya Precision Air aina ya ATR 42, isiyoundwa kugusa maji, ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba, Tanzania, ikiwa na watu 43. Walikufa 19, na wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowahi kufika na kuokoa. Zoezi la kuchota maji ambalo halijaweka boti ya uokoaji na wapiga mbizi ufukweni kabla ya injini kuwashwa halistahili kuanza.