Kihaya katika "Maria Salome"

Wimbo "Maria Salome" ulimtangaza Saida Karoli wa Bukoba mwaka 2001, lakini wengi waliujua kwa jina la "Chambua kama Karanga". Jina hilo lastahili kuangaliwa. Wimbo waimbwa kwa Kihaya, nao umma ukaubatiza kwa maneno machache ya Kiswahili uliyoyaelewa.

Msikilizaji wa Kashai hupata maana yote. Yule wa Tanga hupata nini? Husikia lugha ya jamaa yake. Omuntu, abantu na ekintu hayako mbali na mtu, watu na kitu, ila ile irabu ya mwanzo humpotezea njia. Toni nazo, ambazo Kiswahili kilikwisha kuziacha, humfikia kama muziki (na pengine hapo ndipo penye utamu). Basi hukumu kwamba wimbo ulipendwa kwa ngoma tu haitoshi: sehemu ya muziki huo ni lugha yenyewe.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome", uliojengwa juu ya wimbo huo, wakaujaza Kiswahili. Maana ilifunguka, fumbo likapungua. Tashbihi ya karanga, hata hivyo, hawakuthubutu kuiondoa.