Kwa Nini Bomba la Plastiki Lilitosha Kupima Pumu

Kipimo ambacho mgonjwa wa pumu hupewa akapulizie nyumbani hakina betri wala kioo cha namba. Ndani yake mna pistoni nyepesi na springi, basi. Ni rahisi kukidharau, hasa ukikiweka kando ya mashine ya hospitali inayochora mchirizi mzima wa pumzi. Lakini werevu wake umo katika yale ambayo mbunifu aliamua kuyaacha.

Mwaka 1846, jijini London, daktari John Hutchinson alieleza spirometa yake: chombo kilichofudikizwa majini, kikapanda kadiri mtu anavyopuliza. Alipima zaidi ya watu 2,000. Alichopima ni ujazo, yaani hewa kiasi gani imetoka. Pumu, hata hivyo, huharibu kasi kwanza. Mirija ya hewa ikibana, hewa inaweza kutoka karibu yote, ila inatoka kwa kujivuta.

Martin Wright, daktari Mwingereza mwenye mikono ya fundi, aliyewahi kushughulikia mapafu ya wachimba makaa ya mawe wa Wales, aliachana na ujazo. Mwaka 1959, pamoja na mwenzake McKerrow, alichapisha maelezo ya chombo cha kubebeka kinachopima kasi ya juu kabisa ya pumzi. Kasi hiyo hufikiwa mapema mno, takriban sehemu ya kumi ya sekunde tangu mtu aanze kupuliza, kwa hiyo hata aliyebanwa kifua halazimiki kumaliza hewa yote. Toleo dogo la plastiki, lililotangazwa mwaka 1978, ndilo lililoingia majumbani.

Utendaji wake ni huu. Hewa inasukuma pistoni, na kadiri pistoni inavyosogea, ufa mrefu uliochanwa kwenye bomba unazidi kufunguka na hewa inachoropoka. Pistoni inasimama pale msukumo wa hewa unapolingana na mvuto wa springi. Kishale kilichosukumwa hakirudi, kinabaki hapo hadi ukisome: lita kadhaa kwa dakika.

Kasoro ilikuwepo. Mizani ya Wright ilizidisha namba, hasa maeneo ya katikati, na mwaka 2004 Uingereza ikahamia mizani mpya ya Ulaya. Je, miaka yote ile wagonjwa walidanganywa? Sidhani. Kibaba kikiwa na kasoro, anayekitumia kila siku bado atajua unga unapungua. Mgonjwa hulinganishwa na rekodi yake mwenyewe, si na jirani. Hatari ilikuwa kwa aliyebadilisha kipimo katikati ya safari akaendelea kutumia namba za zamani.

Ndiyo maana kazi nzito hufanyika mwanzoni. Pumu ikiwa imetulia, mtu hupuliza asubuhi na jioni kwa wiki mbili hivi, mara tatu kila safari, akiandika namba kubwa kuliko zote, wala si wastani. Anasimama, anavuta hewa hadi mwisho, anabana midomo kisawasawa, kisha anapuliza kwa nguvu na ghafla. Ulimi ukiziba tundu namba hushuka. Akipuliza kama anayetema mate hupanda, na hiyo ni namba ya uongo. Rekodi bora ikishapatikana, asilimia 80 na kuendelea ni kijani, kati ya 50 na 80 ni njano, chini ya 50 ni nyekundu: dawa ya dharura ya kuvuta, na msaada wa haraka.

Mimi huanza kutazama pengo la asubuhi na jioni. Asubuhi 320, jioni 400: tofauti ni 80, na wastani wa namba hizo ni 360, kwa hiyo pengo ni asilimia 22. Kwa mtu mzima, wastani wa mapengo ya kila siku ukizidi asilimia 10 ndani ya wiki mbili, hiyo ni dalili inayounga mkono pumu. Daktari anayemwona mgonjwa saa nne asubuhi mara moja kwa mwezi hawezi kuliona pengo hilo.

Mipaka ipo. Namba hutegemea bidii ya mpulizaji, na mtoto aliyechoka atakupa namba ya uchovu wake. Kipimo pia husema zaidi juu ya mirija mikubwa, hivyo mirija midogo inaweza kubana huku kishale kikionekana salama. Mtu akihema kwa shida, akishindwa kumaliza sentensi, namba nzuri isimcheleweshe kwenda hospitali. Na anayenunua kipimo kipya akipulizie sambamba na cha zamani kwa siku kadhaa, kisha apange upya rangi zake.