Muziki wa Mchanganyiko

Msomaji, watu wengi huuhukumu muziki uliochanganywa kabla ya kuusikiliza. Wako wasemao kwamba kila taifa lilipewa ngoma yake, na kwamba mtu achanganyaye ngoma za mataifa mbalimbali huziharibu zote. Wako na wengine wasemao kuwa kila mchanganyiko ni maendeleo, na kwamba tabla ikiwekwa karibu na piano jambo kubwa limekwisha tendeka. Naona pande hizi mbili zimekosea kwa namna moja, maana zote hutazama ala na kuwasahau wapigaji. Ili tulipime jambo hili, nakuomba tulitazame kundi moja la Marekani lililoitwa Oregon. Kundi hili liliundwa mwaka wa 1970 na watu wanne: Ralph Towner, Paul McCandless, Glen Moore na Collin Walcott.

Wote wanne walipata kupiga katika kundi la Paul Winter kabla ya kusimama peke yao. Jina walilochukua ni la jimbo ambalo Towner na Moore walisomea katika chuo kikuu chake. Towner alipiga gitaa la nyuzi za nailoni, gitaa la nyuzi 12, na piano. McCandless alipuliza oboe, ambayo ni ndugu wa nzumari ya pwani yetu, kwa kuwa zote mbili hulizwa na matete mawili yanayotetemeka mdomoni mwa mpulizaji. Moore alishika besi, ile fidla kubwa ipigwayo kwa kusimama. Walcott alikuwa na sitari na tabla za Kihindi, pamoja na vyombo vingine vingi vya kugonga.

Ukiisoma orodha hiyo peke yake, yamkini utadhani umeingia katika duka la ala, mahali ambapo kila kitu kipo na hapana kinachoafikiana na mwenzake. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini uliza kwanza swali ambalo fundi humwuliza fundi mwenziwe: Umejifunza kwa nani? Towner alikwisha kuwa mtu mzima alipokwenda Vienna kujifunza gitaa kwa mwalimu Karl Scheit, akakaa chini kama mtoto wa chuoni aanzaye alifu. Walcott alisomea vyombo vya kugonga chuoni. Kisha akajifunza sitari kwa Ravi Shankar na tabla kwa Alla Rakha, mabwana wawili ambao jina lao lilikuwa kubwa katika Bara Hindi na nje yake. Hakuiokota sitari njiani ili aipambe nayo nyumba. Aliiendea kwa mwenyewe, akabisha hodi, akafundishwa.

Umemwona mama wa pwani akisuka mkeka wa rangi? Huanza kwa kuitia miyaa yake rangi, kila rangi katika chungu chake, akaichemsha na kuianika hata rangi ikashika. Ndipo asukapo ukili. Lau angesuka kabla ya rangi kushika, nyekundu ingeingia katika nyeusi, na mkeka mzima ungekuwa na rangi ya matope. Mambo ya muziki ni hayo hayo. Mchanganyiko mwema huhitaji watu ambao kila mmoja wao amekwisha kolea rangi yake. Na mchanganyiko mbaya ni ule wa watu waliokutana kabla hawajawa kitu.

Sasa sikiliza jinsi walivyopiga. Rekodi zao za mwanzo, Music of Another Present Era ya mwaka wa 1972 na Distant Hills ya mwaka wa 1973, zatosha kuwa ushahidi. Katika jazi iliyozoeleka, mpigaji mmoja hutokea mbele akaonyesha uhodari wake, na wenziwe wakamtegemeza kwa nyuma. Hawa wanne aghalabu hawakufanya hivyo. Mahadhi huanza kwa oboe, yakapokewa na gitaa, yakashuka katika besi, na msikilizaji asijue hasa ni saa ngapi yaliyopokezanwa. Tena siku zile hawakuwa na mpiga madramu. Mwendo wa wimbo ulikuwa amana ya wote, leo mikononi mwa tabla, kesho mikononi mwa besi. Walipobuni muziki papo hapo bila kuandika, kila mmoja alilazimika kunyamaza mara nyingi kuliko alivyolia. Huo ndio ufundi wao mkubwa, nao haumo katika orodha ya ala.

Mswahili hana haki ya kuustaajabia mchanganyiko. Taarabu yetu yenyewe ilikusanya udi na ganuni za Waarabu, fidla ya Wazungu na mahadhi ya Kihindi. Na Mombasa waliiongeza taishokoto, kinanda kilichotoka Japani. Siti binti Saad na wenziwe walisafiri mpaka Bombay mwaka wa 1928 kutia nyimbo zao katika sahani za santuri. Hapana aliyesema kwamba Siti si Mswahili kwa sababu fidla ililia nyuma yake. Ala zilikuwa za wageni, lakini lugha, fumbo na uchungu vilikuwa vyake.

Lakini kuazima kuna adabu yake. Mwaka wa 1974 Oregon walitoa rekodi iitwayo Winter Light, na ndani yake wakapiga Witchi-Tai-To, wimbo wa Jim Pepper. Pepper alikuwa Mmarekani wa asili, mpiga saksafoni, naye aliutunga kutokana na wimbo wa ibada aliofundishwa na babu yake. Mwenye wimbo alitajwa, na hilo ni jema. Hata hivyo, ni juu yetu sisi wasikilizaji kukumbuka kwamba kile tukionacho burudani kilikuwa sala kwa mzee mmoja na watu wake. Atumiaye cha mwenziwe na amtaje mwenyewe. Na asikiaye na aulize kilitoka wapi.

Sitaficha aibu za kundi hili, maana sifa isiyo na lawama ni nusu ya hukumu. Muziki wao mara nyingine hupendeza kupita kiasi, uzuri ukazidi kama marashi mengi katika chumba kidogo. Ngoma za kwetu humwinua mtu kitini. Muziki huu humtaka akae, anyamaze, afumbe macho. Miguu yasahauliwa. Msikilizaji aliyelelewa kwa ngoma atauheshimu kwa saa nzima, kisha atatamani mtu mmoja apige kwa ghadhabu, au acheke kwa sauti.

Jaribio kubwa la kundi lilikuja bila kutakwa. Tarehe 8 Novemba 1984, walipokuwa safarini Ujerumani ya Mashariki, Walcott alifariki katika ajali ya basi huko Magdeburg. Alikuwa na umri wa miaka 39. Kama kundi lingekuwa mkusanyo wa ala tu, dawa ingekuwa nyepesi: atafutwe mpiga sitari mwingine. Hawakufanya hivyo. Waliyempokea baadaye ni Trilok Gurtu, mzaliwa wa Bombay, mwana wa mwimbaji Shobha Gurtu, aliyepiga tabla pamoja na madramu ya kizungu. Walcott alikuwa Mmarekani aliyeiendea India. Gurtu alikuwa Mhindi aliyeiendea jazi. Walitoka ncha mbili za njia moja. Ukisikiliza Ecotopia ya mwaka wa 1987 utatambua kwamba kundi limebadilika: mdundo umepata nguvu, na sauti ya sitari imenyamaza. Pengo halikuzibwa, nyumba ilijengwa upya kulizunguka. Nami naona huo ulikuwa uaminifu mkubwa kwa marehemu kuliko kumtafutia mfano wake.

Basi, msomaji kijana, siku utakapoupata muziki huu, usikilize mara nne. Mara ya kwanza ifuate oboe, ya pili gitaa, ya tatu besi, na ya nne mikono ya Walcott. Ukimaliza, utakuwa umejifunza jambo ambalo latufaa sisi tunaokaa katika nchi ya makabila mengi: kwamba wengi huweza kukaa pamoja bila mmoja kupoteza rangi yake, ila kwa sharti kila mmoja awe nayo, na ajue wakati wa kunyamaza.