Heko, watunza kumbukumbu wa Shirika la Utangazaji la Uganda (UBC)

Redio ya taifa ilianza kusikika Kampala mwaka 1954, televisheni ikafuata 1963. Mapinduzi nayo yalipitia studioni: Januari 1971 Waganda walimsikia mwanajeshi redioni akitangaza kwamba Rais Obote ameondolewa. Baada ya misukosuko yote hiyo, ni ajabu kwamba chochote kilisalia kabatini. Kumbe kilisalia! Mwaka 2015 zilipatikana UBC negativu 70,000 hivi za wapigapicha wa serikali, nyingi za enzi za Idi Amin, aliyempindua Obote. Kuanzia 2018 zikasafishwa na kuingizwa kwenye kompyuta, na 2019 Makumbusho ya Uganda yakaonyesha baadhi. Kazi hii ya vumbi na subira haina makofi. Nasi tuwapigie walioifanya. Wenye kanda za zamani majumbani, msizitupe.