Kupima Ubora wa Maandishi ya Tovuti: Kati ya Msomaji na Mtambo wa Utafutaji

Maandishi ya tovuti huwa na wapokeaji wawili wasiofanana. Mpokeaji wa kwanza ni binadamu aliyefungua ukurasa akiwa na haja mahususi, mara nyingi kwa simu ya mkononi na kwa bando alilolilipia. Wa pili ni mtambo wa utafutaji, yaani mfumo wa kompyuta unaokusanya kurasa za intaneti, kuziorodhesha katika faharasa, na kuamua ni ukurasa upi utangulie pale mtu anapoandika swali lake. Uandishi bora humtumikia wa kwanza kikamilifu na kumpa wa pili yale tu yanayomwezesha kumfikisha msomaji panapomfaa. Uandishi mbovu huupindua mpango huo, ukamfanya msomaji kuwa kisingizio cha kuonekana. Mwongozo huu unaeleza dalili ambazo mhariri, mwalimu wa uandishi au mwenye tovuti anaweza kuzitumia kutofautisha aina hizo mbili, na dalili hizo zinaelezwa kwa mfano mmoja, nao ni ukurasa wa Kiswahili unaofundisha kilimo cha vitunguu maji.

Chimbuko la mvutano

Mitambo ya mwanzo, kama vile AltaVista iliyoanza mwaka 1995, ilitegemea kwa kiasi kikubwa maneno yaliyomo ndani ya ukurasa, na kwa sababu hiyo kukazuka desturi ya kurundika maneno muhimu, yaani kuyarudia kupita kiasi maneno yanayotarajiwa kuandikwa na mtafutaji. Wapo hata walioyaficha maneno hayo kwa kuyaandika kwa rangi ileile ya usuli wa ukurasa, ili mtambo uyasome na binadamu asiyaone. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mbinu ya PageRank, ambayo huupima ukurasa kwa wingi na uzito wa viungo vinavyoelekezwa kwake kutoka kurasa nyingine. Mbinu hiyo ilipofanikiwa, viungo vyenyewe vikageuka bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa.

Google ilijibu hila hizo kwa mfululizo wa mabadiliko. Panda, la Februari 2011, lilizishusha tovuti zilizojaa makala hafifu zinazozalishwa kwa wingi. Penguin, la Aprili 2012, lililenga viungo vya hila. BERT, la Oktoba 2019, liliuwezesha mtambo kulitafsiri neno kwa kuzingatia maneno yanayolizunguka. Na mwezi Machi 2024 zilitangazwa sera dhidi ya uzalishaji wa kurasa nyingi zisizo na manufaa, ziwe zimeandikwa na binadamu au na programu. Hata hivyo, mabadiliko hayo hayajauhakikishia kila ukurasa mwema nafasi ya juu, wala hayajauondoa kila ukurasa mbovu, na kwa hiyo nafasi katika orodha ya matokeo haiwezi kuchukuliwa kuwa kipimo cha ubora. Mtambo ni kama mshenga, ambaye huwakutanisha wawili lakini haendi kuishi nao, na thamani ya maandishi hujulikana baada ya kazi yake kwisha.

Kichwa na aya ya kwanza

Kichwa cha ukurasa ni ahadi, na mpimaji makini huanza kwa kuuliza kama ahadi hiyo ni moja, iko wazi, na inatimizwa. Kichwa kinachosema "Kilimo cha Vitunguu: Jifunze Kilimo Bora cha Vitunguu na Faida za Kilimo cha Vitunguu" kimerudia jina moja mara tatu bila kuongeza maana yoyote. Kile kinachosema "Kilimo cha vitunguu maji kuanzia kitaluni hadi kuvuna" kina maneno yaleyale ambayo mtafutaji angeyaandika, lakini kimeongeza mipaka ya mada, hivyo msomaji anajua atakachopata na asichopaswa kukitarajia.

Aya ya kwanza hufichua nia ya mwandishi kuliko sehemu nyingine yoyote. Mwaka 1997 mtafiti Jakob Nielsen alieleza kwamba asilimia 79 ya watu aliowachunguza walipitisha macho tu katika kila ukurasa mpya, na kwamba asilimia 16 tu ndio waliosoma neno kwa neno. Msomaji wa namna hiyo akikutana na aya tatu zinazomweleza kwamba kitunguu ni zao linalotumika sana majumbani, huondoka, kwa kuwa jambo hilo alilijua kabla ya kuuliza. Aya iliyoandikwa kwa ajili yake humpa kiini cha jibu mapema: kwamba miche hukaa kitaluni kwa takriban wiki sita hadi nane, kisha huhamishiwa shambani kwa nafasi ya sentimita kumi hivi kati ya mche na mche, na kwamba mavuno hufuata baada ya miezi mitatu hadi minne, kwa kutegemea aina ya mbegu na hali ya hewa. Ufafanuzi huja baadaye, na anayeuhitaji ataufuata kwa hiari yake.

Maneno ya utafutaji na sarufi ya Kiswahili

Kurundika maneno ni kosa katika lugha yoyote, lakini katika Kiswahili husikika upesi zaidi, kwa sababu viambishi vya kitenzi hulibeba jina lililokwisha kutajwa. Mwandishi akishataja vitunguu, sentensi zinazofuata hutosheka na "vinahitaji", "vinavunwa" au "ukivihifadhi", na msikilizaji hapotezi uzi. Ukurasa unaorudia kirai kizima cha "kilimo cha vitunguu" katika kila sentensi, pahali ambapo kiambishi kimoja kingetosha, unakiri kwamba haukuandikwa kwa ajili ya sikio la Mswahili. Dalili nyingine ya kosa hilo ni virai vilivyonyofolewa viunganishi, kama "bei vitunguu leo", ambavyo mtafutaji huviandika kwa haraka na ambavyo mwandishi dhaifu huvipachika katika aya bila kuvirudishia sarufi yake.

Hata hivyo, maneno ya watafutaji si ya kupuuzwa, kwa kuwa yanaonyesha msamiati ambao umma unautumia. Mkulima huuliza kuhusu dawa ya wadudu, ilhali mtaalamu wa kilimo huandika kuhusu viuatilifu. Mwandishi stadi huanza na neno la mkulima, akalitambulisha neno la kitaalamu kwa maelezo mafupi, kisha akaendelea na lile linaloieleza hoja kwa usahihi. Hapo haja ya mtambo na haja ya msomaji hukutana bila kulazimishwa, na makutano ya namna hiyo ni alama ya ustadi.

Ushahidi wa ujuzi

Makala nyingi za tovuti hutungwa kwa kuzisoma makala nyingine kumi na kuzipanga upya, na matokeo yake ni maandishi yasiyo na kosa la wazi wala jambo la kushika. Desemba 2022 Google iliongeza kigezo cha uzoefu katika mwongozo wa watu inaowatumia kutathmini matokeo ya utafutaji, sambamba na utaalamu, mamlaka na uaminifu, ingawa alama za watathmini hao haziupangii moja kwa moja ukurasa mmoja mmoja nafasi yake. Mpimaji anaweza kukitumia kigezo hicho bila kuutegemea mtambo wowote. Sentensi inayosema "mwagilia maji ya kutosha" inaweza kuandikwa na mtu asiyewahi kuliona shamba. Inayosema kwamba umwagiliaji usitishwe pale majani yanapoanza kulala, ili shingo ya kitunguu ikauke na zao lisioze ghalani, imebeba sababu pamoja na agizo.

Ujuzi hujulikana pia kwa mipaka yake. Ushauri unaowafaa wakulima wa Mang'ola wilayani Karatu, ambako vitunguu hulimwa kwa maji ya mifereji, hauwezi kuhamishwa bila marekebisho hadi mahali panapotegemea mvua. Ukurasa unaotaja eneo, msimu na aina ya mbegu iliyokusudiwa unastahili kuaminiwa kuliko ule unaodai kufaa kila mahali, hata kama dai hilo lingeuvutia mtambo kwa wingi wa maswali yanayoweza kuangukia humo.

Urefu, muundo na tarehe

Imani kwamba ukurasa mrefu hupendelewa imezaa aya nyingi za kujaza nafasi, ilhali mwongozo wa Google wenyewe unasema kwamba hakuna idadi ya maneno inayopendelewa. Urefu unaofaa ni ule ambao swali linaudai: bei ya gunia hujibiwa kwa mstari mmoja, magonjwa ya kitunguu huhitaji kurasa. Vichwa vidogo vipimwe kwa kuvisoma peke yake, kwani vikiwa vizuri huonyesha mwendo mzima wa hoja. Kiungo kieleze kinapompeleka msomaji, na kimpeleke kwenye jambo linaloendeleza alichokuwa akikisoma. Tarehe nayo iwe ya kweli: kuibadilisha bila kuyabadilisha maelezo ni kumdanganya mkulima anayetaka kujua bei ya msimu huu.

Hukumu ya mwisho

Baada ya dalili hizo kuchunguzwa moja moja, ukurasa usomwe kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwa kila sentensi liulizwe swali moja: je, ingebaki mahali pake iwapo mitambo ya utafutaji isingekuwapo? Sentensi zinazoshindwa mtihani huo zifutwe, na kama kinachobaki ni kidogo mno, basi ukurasa ulikuwa haujapata jambo la kusema.

Ukali wa kipimo hiki una sababu ya pekee katika Kiswahili. Kurasa zake kwenye intaneti bado ni chache ukilinganisha na wingi wa wasemaji wake, na hizo chache ndizo zinazosomwa na wanafunzi, zinazonukuliwa na waandishi wengine, na zinazotumiwa kuzifundisha programu za kompyuta namna lugha inavyosemwa. Mwandishi anayerundika maneno ili kuinua ukurasa wake kwa miezi michache huacha sarufi iliyovunjika mahali ambapo wengi watajifunzia. Anayeandika kwa usahihi kwa ajili ya mkulima mmoja mwenye swali la kweli humsaidia mkulima huyo, na papo hapo huiongezea lugha akiba ya maandishi ambayo wengine wanaweza kuyaiga bila hasara.